Hodi Zisizokwisha Darasani

Na Salim Mwinyi Abubakar

Mwalimu wa darasa la chini huko Kawangware au Kangemi, mitaa ya Nairobi, anapowakusanya watoto sita au saba mkekani ili amsikilize kila mmoja akisoma, ilhali wenzao 40 na ushei wamebaki madawatini na kazi ya kunakili, aghalabu hulaumiwa kwamba hana haiba ya kulituliza darasa. Na lawama hiyo, kwa rai yangu, haina insafu.

Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika shuleni kote nchini Kenya, mwalimu mmoja kukabidhiwa halaiki si ajabu tena. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini mwaka 2015 kwa azma ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili kitabu chake, ulikuwa neema kubwa. Walakini kitabu hakimsikilizi msomaji, na ni kwa kumsikiliza ndipo mwalimu hutambua silabi ipi inayomkwaza.

Nilipata idhini ya kuketi nyuma ya darasa moja la shule ya kulipia huko Kawangware, chumba cha mabati ambamo hesabu za jirani hupenya ukutani neno kwa neno. Alipowaita wasomaji mkekani, mwalimu alijitupia leso begani, na leso ikiwa begani hakuna kumwita. Dirishani palikuwa na mkebe wa penseli zilizokwisha kuchongwa. Kila safu ilikuwa na mtoto wake wa kuulizwa na wenziwe, anayebadilishwa kila Jumatatu. Na aliyebanwa na haja alitwaa kibao kilichoning'inia mlangoni, akatoka kimya. Ile "Ticha, penseli yangu imevunjika" sikuisikia kabisa, maana mtoto humkatiza mwalimu pale anapokosa mwingine wa kumwendea. (Wazee wa Lamu na Mombasa hawatastaajabu: katika chuo cha Kurani mwalimu alimsikiliza mmoja huku wakubwa wakiwasomesha wadogo, sauti zikirindima, na hakuna aliyeziita ghasia.)

Waliokatiza somo walikuwa watu wazima. Aliingia karani na orodha ya wadaiwa karo. Akaja mwalimu mwenziwe kuazima chaki. Akafuata mzazi aliyeleta sweta. Kila mlango ulipolia, msichana aliyekuwa akisoma aliinua kidole kitabuni, na kidole kiliporudi kiliangukia mstari mwingine, ikambidi aanze upya, kwa sauti ndogo kuliko ya awali.

Sioni kwa nini wakuu wa shule wasikataze mtu yeyote kuingia madarasa ya chini kwa dakika 20 za kila asubuhi, pasipo dharura ya ugonjwa au moto. Mfuko wa kitambaa utundikwe nje ya mlango, karani aiache humo orodha yake, mwalimu aitoe wakati wa mapumziko. Deni litakuwa lile lile.