Kabla ya Kuuzima Muziki wa Kijana Wako

Ikiwa una kijana nyumbani, bila shaka umewahi kumkaripia azime muziki wa kufoka, au rap kama wanavyouita wenyewe. Kwako ni makelele na matusi. Matusi yamo katika baadhi ya nyimbo hizo, sikatai. Hata hivyo, nakuomba usiharakishe kuuzima, kwani huenda kijana huyo anatafuta nafuu ya moyo.

Jambo hili si geni kwetu. Huko Kitui na Makueni, Wakamba wana ngoma ya tangu jadi iitwayo kilumi. Wachezaji wake hasa ni akina mama wa makamo na wakongwe. Huchezwa kuomba mvua, na pia mtu anapougua maradhi yanayosemekana kuletwa na pepo. Ngoma hupigwa kwa saa nyingi, mgonjwa akicheza hadi apagawe, na yaliyomkaa rohoni hutamkwa mbele ya watu. Jamaa zake husikia anachotaka na hutarajiwa kumtimizia. Uamini pepo au usiamini, utakubali kwamba mama ambaye hakuwa na wa kumsikiliza, siku hiyo amesikilizwa na wengi.

Rap nayo ni mdundo na maneno. Kundi la Kalamashaka kutoka mtaa wa Dandora, Nairobi, lilipovuma miaka ya 1990, lilifoka kwa Kiswahili juu ya dhiki za mitaani. Kijana anayesikia shida yake ikitajwa na mwingine hutambua kwamba hayuko peke yake, na mzigo humpungukia.

Tena kuna ushahidi. Mnamo 2017, mwanamuziki Logic wa Marekani alitoa wimbo ambao jina lake ni nambari ya simu ya kuwasaidia wanaotaka kujiua. Katika wimbo huo, mtu aliyekata tamaa anapiga simu, anasikilizwa, na mwishowe anaamua kuishi. Watafiti walioandika katika jarida la BMJ mnamo 2021 walipiga hesabu ya siku 34 ambazo wimbo huo ulizungumziwa sana. Simu 9,915 zaidi ya kawaida zilipigwa, na waliojiua walikuwa 245 chini ya idadi iliyotarajiwa. Hesabu hizo hazithibitishi kwamba wimbo pekee ndio uliowaokoa, lakini si za kupuuzwa.

Angalia basi: wimbo huo ulimfikisha mgonjwa kwa mtu wa kumsikiliza, kama ifanyavyo kilumi. Kijana aliyejifungia chumbani na waya masikioni ana mdundo, lakini hana wa kumzunguka. Akirudia wimbo ule ule wa huzuni usiku kucha, muziki huo huenda ukamzamisha badala ya kumwinua.

Kwa hivyo, mzazi, keti naye. Mwambie akuchezee wimbo anaoupenda kuliko zote, kisha umwulize ni maneno gani yanayomgusa na kwa nini. Usihubiri. Sikiliza mpaka amalize.

Na iwapo kwa wiki mbili au zaidi hali chakula, halali, au amepoteza hamu ya kila kitu, usimwachie muziki peke yake. Mpeleke hospitali. Akitaja kifo, usingoje hata siku moja. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu kwa nambari 1199. Wala usione aibu. Kule Makueni, watafiti wa shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, waliwafunza hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua dalili za maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa kwenye vituo vya afya. Ikiwa mganga anajua mpaka wa ngoma yake, mzazi naye ajue.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo jioni, kabla hujanyoosha mkono kuzima muziki huo, bisha mlango wa kijana wako na uombe kuusikia.