Daktari, Umeshafanya Ngapi?

Swali langu lilikuwa fupi tu: "Daktari, hii ya leza umeshafanya ngapi?" Nesi aliniangalia kama nimemtusi mtu. Mjomba akanikanyaga mguu chini ya meza. Daktari akacheka, akasema tuko kwa mikono salama, na hapo stori ikaisha.

Shida ya mjomba ilikuwa tezi dume iliyopanuka. Si saratani. Ni ile ya kuamka usiku mara tano, unasimama chooni ukingoja mkojo kama mtu anangoja matatu ya mwisho. Tukaambiwa leza ya holmiamu ndiyo ya kisasa. Na tuseme ukweli, ni njia nzuri. Chombo kinapitia njia ya mkojo, leza inabandua nyama iliyozidi, kama kutoa chungwa ukaacha ganda, halafu kimashine kinaikatakata ndani ya kibofu na kuivuta nje. Hata tezi kubwa sana inatolewa bila kupasuliwa tumbo. Peter Gilling na wenzake kule New Zealand waliianza miaka ya 1990, kwa hivyo si majaribio.

Lakini kuna kitu madaktari wanajua na sisi hatuambiwi: ni ngumu kujifunza. Wenyewe huwa wanataja upasuaji kama 20 mpaka 50 kabla mkono uzoee. Kabla ya hapo saa zinakuwa nyingi, kimashine kinaweza kuuma ukuta wa kibofu, na msuli unaozuia mkojo unaweza kuumia. Ndiyo maana anayeanza hushauriwa achague tezi za wastani, mwalimu akiwa kando.

Ya mjomba ilipita gramu 100. Alikuwa mgonjwa wa saba. Hiyo tuliambiwa na daktari mwenyewe, miezi miwili baadaye, nilipokataa kutoka ofisini mwake. Mwalimu? Hakuwepo.

Huu ni mwezi wa tano mjomba anavaa nepi. Kanisani haendi. Najua kuvuja kunaweza kutokea hata kwa bingwa, na mara nyingi huisha. Sina ushahidi kwamba mkono mgeni ndio ulileta hii. Kinachoniuma ni kwamba alinyimwa nafasi ya kuchagua.

Sasa kuna wale watasema, "Mkiambiwa idadi mtakimbia, na madaktari watajifunzia wapi?" Jamani! Gari la shule ya udereva lina L kubwa mbele na nyuma, na bado watu wanajifunza. Mjomba ni seremala, amefunza vijana miaka 30, na hakuna hata mmoja aliyeachiwa mlango wa mteja peke yake wiki ya kwanza. Angeambiwa ukweli, pengine angekubali. Ama angesema, nifanyieni ile ya zamani ya kukwangua kwa waya wa umeme. Uamuzi ulikuwa wake.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama. Gharama tulielezwa vizuri sana, mpaka senti. Kwangu mimi, idadi ya mara ambazo daktari ameshika hiyo leza ni sehemu ya hatari, na inafaa iandikwe kwenye ile fomu ya kukubali upasuaji, pamoja na jina la atakayemsimamia.

Mjomba ana kliniki tena mwezi ujao. Amesema nisiende naye, ati nitamwaibisha. Nitaenda.