Kila mtoto wa masomo na bidoni yake ya maharagi

Wababa na wamama wa koperative, leo sitasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Ninataka tuzungumze juu ya kile ambacho mtoto anabeba ndani ya mfuko wake asubuhi, wakati anatoka nyumbani kwenda ku masomo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, msimu B, nilivuna maharagi vizuri. Mwezi wa sita nikauzisha karibu yote. Bei ilikuwa chini, sababu sisi wote tulipeleka magunia ku soko majuma yale yale. Mwezi wa tisa masomo yakafunguliwa, na ndiyo wakati kila mtu anatafuta mbegu ya msimu A. Nikarudi ku soko kununua maharagi kwa kopo, bei imeshapanda. Mwezi wa kumi nikashindwa. Nikaanza kumpa binti yangu franga kidogo anunue mandazi ao biskwiti njiani.

Siku moja mwalimu wake akaniita. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mama, mtoto yako iko na akili, lakini kisha rekreasio anasinzia." Nilisikia haya. Mimi ni mkulima wa maharagi, na mtoto wangu anasinzia juu ya njaa!

Kesho yake nikamfungia viazi tamu. Akavirudisha vyote. Nikamuuliza sababu gani. Akanijibu: "Mama, benzangu banacheka. Banasema asema miye ninakulaka chakula ya shamba."

Hapo ndipo nilielewa kwamba shida si bei tu. Nani aliwafundisha watoto kwamba chakula ya shamba ni aibu? Ni sisi. Mgeni akifika, tunaficha viazi na tunatuma mtoto akanunue mkate. Tunauzisha soya kwa gunia, kisha tunanunua biskwiti moja moja.

Tuangalie vizuri. Biskwiti na mandazi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Vinajaza tumbo kwa muda mfupi, kisha njaa inarudi. Bugali ya muhogo peke yake nayo inashibisha, lakini haijengi mwili, sababu muhogo una protini kidogo sana. Maharagi makavu, katika kilo 1, yana zaidi ya gramu 200 za protini. Soya ina zaidi ya gramu 350. Tena mahindi na maharagi yanasaidiana: kile kinachopunguka ndani ya mahindi kinapatikana ndani ya maharagi. Kiazi tamu cha rangi ya chungwa kina vitamini A ya kulinda macho. Kimoja cha kadiri kinaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku nzima. Tena kuna maharagi yenye chuma mingi, ambayo INERA na wenzake wamesambaza kwetu Kivu. Wengine wetu tunayalima, lakini tunayaona kama mali ya soko tu.

Sisemi tuache ndagala ao sambaza. Siku vinapatikana, tumpe mtoto, sababu mimea haina vyote ambavyo mwili unahitaji. Ninasema tu: siku ambayo samaki hakuna, na siku hizo ni nyingi, shamba letu linaweza kumfungia mtoto chakula ya heshima.

Heshima, ndiyo, sababu mtoto anakula kwa macho mbele ya kinywa. Mimi nilibadilisha namna ya kufunga. Viazi ninavikata vipande vidogo, si kizima chenye udongo ku maganda. Maharagi ninayapika mpaka maji yanakauka, ninatia kitunguu na chumvi, ninayaponda kidogo ili yasimwagike. Siku moja ni viazi na maharagi. Siku ingine ni mahindi na maharagi pamoja. Siku ingine ndizi ya kupika na karanga ya kusaga, ao sombe yenye karanga na bugali ndogo. Mara moja kwa juma ninakaranga soya na mahindi, anakula kwa mkono akicheza na wenzake. Juu yake ninaongeza pera, kipande cha papai ao marakuja. Tunda la namna hiyo linasaidia mwili kupokea chuma ya maharagi; chai inaizuia.

Ukikosa bakuli yenye kifuniko, jani la ndizi linatosha. Lipitishe juu ya moto lilainike, halitapasuka. Lakini tuwe waangalifu. Chakula ya jana isibebwe bila kuchemshwa tena, na isifungwe ikiwa bado na mvuke, sababu inachacha mbele ya saa sita. Karanga yenye ukungu tuitupe, hata kama inauma. Sombe itwangwe na ipikwe muda mrefu, na soya isiliwe mbichi.

Ninajua mutaniambia: "Na deni je? Na nguo ya masomo? Na dawa?" Ni kweli. Tangu mwaka wa 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, lakini matumizi ingine ingali iko. Nami ninauzisha juu ya hayo. Lakini tuhesabu pamoja. Mtoto anahitaji karibu gramu 60 za maharagi makavu kwa siku. Siku tano ni gramu 300. Kwa majuma 36 ya masomo, haifiki kilo 11. Bidoni moja ya litre 20 inabeba kilo 15 hivi. Maana yake, bidoni moja inamtosha mtoto mmoja mwaka mzima, na inabakia kidogo ya wageni. Nyumba ya watoto watatu ni bidoni tatu tu, haifiki nusu ya gunia la kilo 100.

Na bidoni haiogopi fukusi. Anika maharagi yakauke kabisa, jaza mpaka juu, funga kifuniko kwa nguvu. Wadudu wanakosa hewa, wanakufa.

Kwa hiyo ninaomba tulete jambo hili ku mkutano mkubwa, mbele ya mavuno ya msimu B. Kila nyumba ijaze kwanza bidoni za watoto, kisha gunia liende ku depo ya koperative. Wababa, ninawaomba ninyi hasa, sababu mara nyingi ni ninyi munasema gunia ngapi ziende. Hata mnunuzi akija na franga mkononi, bidoni za watoto zisiguswe.

Binti yangu sasa harudishi kitu. Juma lililopita aliniomba nimuongezee soya ya kukaranga. Nikafikiri ni njaa. Akasema hapana, ni juu ya wale waliokuwa wanamcheka: nao wanaomba.