Pompi ya shamba siyo ya kuogesha paka

Jambo ninalotaka kuzungumza leo litaonekana dogo kwa wengine. Mutasema: «Tuko na shida ya mbegu, barabara imeharibika, na huyu anatuletea habari ya kuogesha paka!» Ninawaomba munivumilie mpaka mwisho, juu habari hii inagusa magunia yetu.

Mimi ni mulinzi wa depo katika koperative ya mahindi na maharagi, huku kwenye milima ya Kivu Kaskazini. Depo yetu ilikuwa na paka dume wa rangi ya majivu. Hatukumununua kwa franga nyingi, lakini kazi yake ilionekana. Asubuhi nilikuwa ninakuta panya wawili ao watatu mbele ya mulango, wamelazwa pamoja, kama vile mufanyakazi anatoa rapora kwa mukubwa wake.

Kisha mavuno ya msimu A, wamama waliokuwa wanachambua maharagi walianza kulalamika juu ya viroboto. Miguu iliwawasha mpaka wanaacha kazi. Tukakaa kidogo, tukaamua: paka ndiye anavileta, basi aogeshwe. Siku ile kulikuwa pompi ya kunyunyizia kabichi, na ndani yake dawa kidogo ilikuwa imebaki. Kijana moja akasema: «Dawa hii inaua vidudu. Na kiroboto si kidudu?» Sisi wote tulikubali. Mimi ndiye nilishika paka kwa mikono yangu. Sitaki kulaumu yule kijana, sababu mimi ndiye nilikuwa mukubwa pale.

Jioni paka alianza kutoa mate mengi. Usiku alitetemeka, miguu ikakauka, akisimama anaanguka. Asubuhi tulikuta amekufa. Na viroboto? Vilibaki palepale. Tulikaa majuma sita bila paka. Siku tulipofungua stoki ya mbegu, magunia manne ya mahindi yalikuwa yametobolewa upande wa chini, na yaliyobaki ndani yalinuka mikojo ya panya. Mahindi ya namna ile hayapandwi, hayauzwi, na mutu mwenye akili hampikii mutoto wake.

Toka siku ile niliuliza sana: kwa munganga wa nyama, kwa agronomu, na kwa wazee wanaofuga paka miaka mingi. Maoni yangu leo ni haya: paka muzima hahitaji kuogeshwa. Kuna siku chache inalazimika kumuosha, na siku hizo ni maji na sabuni tu. Dawa ya shamba na dawa ya ngombe zisimuguse hata siku moja.

Kwa nini paka ni tofauti na ngombe

Wengi wetu tunafikiri hivi: kama dawa ya kupe inapita kwenye ngozi ya ngombe na ngombe anaendelea kula majani, itapita pia kwa paka. Si kweli, na kuna sababu mbili.

Ya kwanza, paka anajiosha mwenyewe. Mutazame akisha kula: anakaa, analamba mukono, anapitisha kwenye uso, kisha mugongo na mukia. Ulimi wake una miiba midogo kama tupa, unachana manyoya na kutoa uchafu. Ndiyo maana paka muzima hanuki. Lakini ndiyo maana pia, chochote unachoweka kwenye manyoya yake kitaingia tumboni. Kumupaka sumu ni sawa na kumunywesha.

Ya pili, maini ya paka hayana nguvu ya kuvunja sumu za aina fulani. Iko dawa inayoitwa permetrini. Inapatikana katika dawa nyingi za vidudu, hata katika unga fulani tunaochanganya na mahindi ili vidudu visiyatoboe. Imbwa anaweza kuivumilia kwa kipimo chake. Paka anapata mutetemeko na kifafa, na mara nyingi anakufa. Kwa hiyo hata dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa imbwa, usimuwekee paka. Kabla ya kufungua kichupa chochote, soma kibandiko: ukiona jina linaloishia na «-méthrine», liweke mbali na paka. Dawa ya kupe yenye jina «amitraze» pia si ya paka. Na maji ya javel, ao dawa nyeupikayo maji inapochanganywa ya kusafisha vyoo, hizo zinaunguza ngozi na ulimi wake.

Wale wanaosema paka ni muchafu

Ninajua kuna wanamemba wasiokubaliana na mimi. Mama moja aliniambia: «Baba, siku ya kupokea wanunuzi, paka muchafu ndani ya depo ni haya kwetu. Na tuko na watoto.» Nilimusikiliza, sababu neno lake lina uzito.

Ni kweli, paka anaweza kuleta ugonjwa. Lakini tuangalie unapita njia gani. Ule ugonjwa unaoogopwa kwa mama mwenye mimba, unaoitwa toksoplasmozi, unapita kwenye mavi ya paka, kwenye udongo uliochafuliwa nayo, na kwenye nyama isiyoiva vizuri. Kuogesha manyoya hakuuzuii. Kinachouzuia ni mutu mwingine, asiye na mimba, kuondoa mavi kila siku, na sisi wote kunawa mikono kisha kazi ya udongo. Basi wekeni sanduku la mbao lenye muchanga nje ya depo, mahali pakavu. Paka mwenyewe anapenda kufukia mavi yake. Ukimupa muchanga, hatatafuta maharagi yako.

Na wanunuzi? Nywele mbili za paka kwenye sakafu zinafagiwa kwa dakika moja. Mavi ya panya ndani ya gunia yanafanya muzigo wote urudishwe. Mimi ninachagua nywele.

Viroboto tupiganie wapi

Hapa ndipo tulikosea zaidi. Kiroboto unachokiona kwenye paka ni sehemu ndogo tu ya jeshi. Kiroboto kinataga mayai juu ya paka, lakini mayai yanateleza na kuanguka chini. Vinyoo vyake vinakua ndani ya vumbi, makapi, na nyufa za sakafu, kisha vinajifunga ndani ya kifuko na kungojea nyama ao mutu apite. Ukiosha paka leo ukaacha vumbi, kesho atapata vingine.

Kwa hiyo fanyeni hivi: fagia depo mara mbili kwa juma, mpaka kwenye pembe na chini ya mbao za kuinulia magunia. Vumbi lile usilimwage mulangoni; lichome. Magunia matupu yaanike kwenye jua kali siku nzima na kuyageuza. Kitambaa anacholalia paka kichemshwe kila juma. Paka mwenyewe muchane kwa kisanuo cha chawa, kile chenye meno ya karibu, na kila mara chovya kisanuo ndani ya maji ya sabuni ili viroboto vife. Kazi hii haikuli franga. Inakula dakika kumi.

Ndugu zetu wa Ituri wanajua neno lingine la kuongeza. Kule ugonjwa wa tauni haujaisha. Unarudi mara kwa mara, kwa mufano upande wa Rethy. Tauni inabebwa na viroboto vya panya: panya akikufa, viroboto vinamuacha na kutafuta mutu. Paka pia anaweza kushikwa. Kwa hiyo mukiona panya wengi wanakufa wenyewe bila sumu, ao paka anavimba shingo na kuwa na homa, msiwashike kwa mikono, msianze kuosha mutu yeyote. Pelekeni habari kituo cha afya siku ileile.

Siku inapolazimika kumuosha

Siku hizo zipo. Paka amemwagikiwa mafuta ya motere. Ameanguka ndani ya choo. Amepita kwenye unga wa dawa ya mahindi. Hapo tusingoje ajilambe.

Chagueni saa ya jua, siyo jioni, sababu huku milimani baridi inaua kitoto cha paka kabla ya uchafu. Kitoto kinachonyonya hakiogeshwi kabisa; kinapanguswa na kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kukaushwa mara moja.

Muwe watu wawili, na mulango ufungwe. Kama ni mafuta mazito, kwanza pangusa na kitambaa kikavu, kisha nyunyiza unga wa muhogo unywe mafuta, uutoe wote. Kama ni unga wa dawa, vaa glavu ao mifuko ya plastiki mikononi, na utoe unga kwa kitambaa kikavu kabla ya maji.

Weka kipande cha gunia chini ya basini. Paka anaogopa sana kuteleza. Akipata pa kushika na kucha, atatulia. Maji yawe ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko kama unavyopima ya mutoto muchanga. Yafike kwenye tumbo tu. Moja amushike kwenye mabega, bila kumuninginiza, na mwingine amumwagie kwa kikombe kuanzia shingoni kuelekea mukia. Kichwa usikimwagie, uso unapanguswa. Masikio yasiingie maji.

Sabuni ni ile ya kipande, kidogo, isiyo na marashi makali. Sabuni ya unga hapana, javel hapana. Kisha suuza mara mbili ao tatu mpaka maji yatoke safi, sababu sabuni inayobaki atailamba. Mukaushe na kitambaa, mufungie chumba chenye joto ao karibu na moto mpaka akauke kabisa, ndipo arudi kazini. Maji yenye dawa yamwagwe kwenye shimo, mbali na chemchemi.

Akikukwaruza ao kukuuma, usicheke tu na kuendelea. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya, juu ya ugonjwa wa kichaa cha imbwa. Paka pia anaubeba.

Na kama mutu ameshamutia sumu? Muoshe mara moja namna ileile, mukaushe, muweke mahali penye giza na joto, na mukimbilie munganga wa nyama mukiwa na kichupa cha dawa mkononi. Musimunyweshe maziwa wala mawese kwa nguvu: paka anayetetemeka atayavuta ndani ya mapafu.

Ninachoomba kwa komite

Kila koperative iandike mambo matatu kwenye ukuta wa depo. Moja: pompi na dawa ya shamba havigusi nyama ya nyumbani bila munganga wa nyama kusema. Mbili: anayefagia depo ajulikane kwa jina, kila juma. Tatu: paka ahesabiwe kama mali ya koperative. Apewe maji kila siku na chakula kidogo, kwani paka mwenye nguvu ndiye anawinda, na akifa kwa kosa letu, komite ijibu kwenye mukutano.

Kuna waliocheka nilipoleta neno la tatu. «Paka naye ni mwanamemba? Atalipa mchango?» Niliwajibu kwamba yule wa kwanza alikuwa analipa kila usiku, na sisi tulimulipa kwa pompi. Walinyamaza kidogo, tukapiga kura, ikapita.

Sasa tuko na paka jike mwenye madoa. Toka alipofika sijamuogesha hata mara moja. Viroboto vimepunguka, wamama wanachambua maharagi bila kujikuna, na magunia ya msimu huu bado ni mazima. Kabla ya kushika pompi, wandugu, shikeni ufagio.