Rangi ya Ganda Si Hati ya Nasaba

Wako wanunuzi, Tarime na Mugumu kama kwingineko nchini, ambao waonapo yai lenye ganda jeupejeupe hulihesabu la kienyeji na kuliongezea thamani, ilhali la hudhurungi hulidhania la kisasa; dhana hiyo, kwa rai yangu, haina hoja. Kuku wa aina ya Leghorn hutaga meupe, wa aina ya Rhode Island Red ya hudhurungi, na chotara wao hutaga ya rangi hafifu ya maziwa, yaani sawasawa na hayo tuyasifuyo. Hudhurungi yenyewe hupakwa saa za mwisho kabla ya kutaga: livunje yai, utazame ndani ya ganda, utakuta weupe. Wala thamani ya yai kilishe haibadiliki kwa rangi ya ganda. Basi, msomaji, muulize muuzaji kuku wake hula nini.