MTOTO WA MFANYA KAZI NA KAZI YA UCHUNGUZI



Vyuo vifungapo, wale watoto wetu wachache wanaosomea udaktari hurudi nyumbani Kawangware, Kangemi, Riruta na Kibera. Wenzao wa darasa lile lile, ambao wazazi wao wana nafasi, huenda maabara kujifunza uchunguzi wa maradhi: kuuliza swali, kupima, kuandika, kueleza matokeo mbele ya wakubwa. Watoto wetu huenda kutafuta kibarua. Mmoja hubeba matofali kwenye majumba yanayojengwa Kilimani, mwingine huwafundisha hesabu watoto wa matajiri wa Lavington. Hawakukataa uchunguzi. Mafunzo hayo mara nyingi hayana malipo, na nauli ya majuma kumi pamoja na chakula cha mchana haiokotwi njiani.

Siku ya kugawa nafasi za masomo ya juu ikifika, yule wa kwanza ana jina lake katika karatasi iliyochapishwa, na barua ya profesa. Wa pili hana kitu cha kuonyesha, na wakubwa husema hakujitahidi.

Twataka mafunzo haya yalipwe posho, na nafasi zitengwe kwa wale ambao hawaonekani humo.

Wanachama kadhaa wametuuliza kwa nini Chama kiwapigie kelele madaktari, watu ambao kesho watatupita barabarani bila salamu. Swali hili si baya. Lakini daktari kijana naye ni mfanya kazi mwenye tajiri wake. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, mpaka tarehe 8 Mei, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya malipo ya wale wanaoanza kazi. Mapatano ya 2017 yalitaja Sh. 206,400 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwapa Sh. 70,000. Nani kati yetu hajapata kuonyeshwa mapatano yaliyotiwa sahihi, kisha akaambiwa hakuna fedha?

Tena kuna sababu kubwa zaidi. Achunguzaye ndiye achaguaye swali. Damu ya watu wa mitaa yetu imefanya kazi kubwa duniani. Wanawake wa Majengo, Pumwani, tangu miaka ya 1980 waliwasaidia wataalamu wa Nairobi na wa Manitoba, Kanada, kuona kwamba wako watu wanaokutana na virusi vya Ukimwi mara nyingi bila kuambukizwa. Mwaka wa 2001 Profesa Job Bwayo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaanza kujaribu chanjo. Kibera nayo, KEMRI na Wamarekani wa CDC wamefuata homa na kuhara nyumba kwa nyumba miaka mingi. Kazi hizo ni njema na hatuzibezi. Lakini mgongo wa hamali wa soko la Kawangware, kifua cha fundi anayepiga rangi bila kitambaa puani, miguu ya askari anayesimama saa kumi na mbili usiku: hayo huulizwa mara chache. Mtoto aliyelala chumba kimoja na baba mwenye kifua hicho hatasahau kuuliza.

Yeye pia atajua namna ya kusema na watu. Wazee wa mji huu wakumbuka hadithi za mumiani, kwamba watu wa gari la zimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mgeni mwenye sindano akikataliwa mlangoni huandika kwamba wenyeji ni wajinga. Mtoto wa mtaa huketi, hunywa chai, hueleza karatasi ya ridhaa neno kwa neno, na asiyetaka huachwa.

Mlango huu haukupata kufunguka wenyewe. Hospitali ya Kenyatta ilianza mwaka wa 1901 kwa jina la Native Civil, ikawa King George VI mwaka wa 1952. Siku zile Mwafrika aliyesoma udaktari Makerere aliitwa msaidizi na kulipwa kama msaidizi, hata akiwa ndiye atibuye wadi nzima. Skuli ya udaktari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1967 tu.

Huko Marekani mafunzo haya huitwa ya kiangazi. (Kwetu mwezi wa Julai twavaa makoti, lakini tuwaachie jina lao.) Taasisi zao za afya za taifa ziliwalipa wanafunzi posho ya miezi ya likizo, na mipango mingine iliwekwa hasa kwa watu weusi, Walatino, wenyeji wa asili na maskini. Mwaka wa 2025 Serikali yao ilifuta mingi ya mipango hiyo. Mwaka huo huo fedha zao zilikatwa hapa Kenya pia, na wenzetu wengi wa kliniki na maabara wakapoteza kazi. Kabla ya hapo tulikuwa na mpango wa PRIME-K katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ulioanza mwaka wa 2010 kwa fedha za Marekani. Fedha zilipokwisha, nao ukaisha.

Kwa hiyo fedha sharti ziwe zetu. Sheria ya Sayansi ya mwaka wa 2013 yaitaka Hazina itie asilimia 2 ya pato la taifa katika Mfuko wa Taifa wa Uchunguzi kila mwaka. Kiasi hicho hakijapata kufikiwa. Na Katiba, kifungu cha 56, yaiagiza Serikali iwape walioachwa nyuma nafasi maalum katika elimu.

Posho yenyewe isipungue mshahara wa kibarua wa kawaida. Amri ya 2024 ilipanga Sh. 16,113.75 kwa mwezi hapa Nairobi, mbali na nyumba. Afyekaye nyasi nje ya maabara asimzidi ahesabuye vijidudu ndani, wala huyu asimzidi yule kwa dharau. Nafasi ziwafikie watoto wa Turkana, Mandera, Wajir na Tana River, na walemavu, pamoja na watoto wa vibarua wa mji huu. Majina ya waliochaguliwa yabandikwe ubaoni tuyasome sote, maana barua ya mjomba twaijua.

Halmashauri imekata shauri kuviandikia vyuo, hospitali kubwa na KEMRI kabla ya likizo ijayo. Mwanachama mwenye mtoto katika skuli ya udaktari ampe Katibu wa tawi lake jina la mtoto, mwaka wa masomo, na kazi aliyoifanya likizo iliyopita na malipo aliyopata. Twataka hesabu hizo mkononi tuingiapo kwenye mazungumzo.