Makato Tunayakubali, Gawio Tunalikimbia

Mwaka 2024, Benki ya NMB ilikabidhi Serikali gawio la Sh57.4 bilioni kutokana na faida ya mwaka 2023. Tuliona picha: viongozi wamejipanga, hundi ya mfano imeshikwa na watu wanne, makofi yanapigwa. Serikali ina asilimia 31.8 ya benki hiyo. Arise, kampuni ya Uholanzi, ina asilimia 34.9, kwa hiyo yenyewe ilichukua zaidi. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa mwalimu wa Tandahimba anayepitishia mshahara wake hapo, kwenye riba ya mkopo aliochukua kununua bati, na kwenye makato anayoyalalamikia kila mwisho wa mwezi.

Muulize mwalimu huyo kwa nini hana hata hisa kumi za benki inayomkata. Jibu analo tayari: hisa ni mambo ya wenye hela, tena ni kamari, afadhali kiwanja.

Jibu hilo nimelisikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, hata kwa wahasibu. Naliona kuwa moja ya imani zilizotugharimu sana, na waliogharimika zaidi ni wale wale inaodai kuwalinda.

NMB ilipouza hisa zake kwa wananchi mwaka 2008, hisa moja ilikuwa Sh600. Kwa faida ya mwaka 2023, kila hisa ililipwa gawio la Sh361. Yaani aliyenunua wakati ule akatulia, mwaka mmoja tu umemrudishia zaidi ya nusu ya mtaji wake, na hisa bado anazo. CRDB iliuza kwa Sh150 mwaka 2009. Mtu aliyeweka Sh150,000 alipata hisa 1,000, na kwa mwaka huo wa 2023 alistahili Sh50,000, ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia tano. Mwaka 2009 laki moja na nusu haikuwa fedha ya tajiri. Ilikuwa fedha iliyochangwa kwenye sendoff.

Nani kasema hiyo ni kamari? Ukibeti, hela yako inakwenda kwa aliyeshinda na kwa mwenye kampuni ya kubeti, na mkeka ukichanika hubaki na kitu. Ukinunua hisa umenunua kipande cha biashara inayouza saruji, bia au muda wa maongezi, na biashara hiyo inalazimika kisheria kutoa hesabu zilizokaguliwa. Unaweza kuzisoma gazetini kabla hujatoa hata senti. Hakuna shemeji aliyewahi kukuonyesha hesabu zilizokaguliwa za duka aliloomba umwongezee mtaji.

Na kiwanja? Tukitazame kwa karibu, maana ndicho tunachokiita salama. Mnunuzi anapelekwa Chanika au Mapinga na dalali aliyefahamiana naye wiki hiyo hiyo. Analipa hela ya kuonyeshwa. Anasaini karatasi mbele ya mjumbe, inagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, anarudi nyumbani akiwa na amani. Miaka mitatu baadaye anapeleka tofali na kukuta msingi wa mtu mwingine, naye ana karatasi yenye muhuri kama wake. Au anaambiwa ni hifadhi ya barabara. Hata kikiwa halali, mtoto akilazwa usiku huwezi kuuza hatua tatu za kiwanja ulipie matibabu. Sisemi watu wasinunue ardhi. Nasema tuache kuiita ardhi usalama na hisa hatari, huku kesi za viwanja zikijaza mabaraza ya ardhi.

Halafu kuna upatu. Mwaka 2009, Serikali ilipoizuia DECI, ilikuta maelfu ya Watanzania wamekwisha "kupanda mbegu" wakisubiri kuvuna, wengi wakiamini kwa sababu wachungaji walihusika. Waliopanda mbegu ndio watu wa kawaida hao hao tunaoambiwa hawana hela ya hisa. Hela walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kuwaelekeza mlango wa dalali wa hisa mwenye leseni.

Hofu ya hisa ina chanzo, na sitaki kukipuuza. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa Sh5 za Kenya kila moja. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, sawa na Sh10,000. Watu walipanga foleni, na wengi walikopa benki ili waombe nyingi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo kila mtu akapewa kidogo, na waliokopa wakasubiri kurudishiwa salio huku riba inahesabu. Bei ilipanda siku za mwanzo, kisha mwaka uliofuata ikashuka chini ya Sh3. Mwenye deni aliuza kwa hasara, akarudi kijijini kuhadithia kwamba hisa ni wizi. Aliyenunua kwa akiba yake akasahau, kwa mwaka ulioishia Machi 2024 alilipwa gawio la Sh1.20 kwa kila hisa iliyomgharimu Sh5. Hisa ni ile ile. Kilichomuumiza yule wa kwanza ni mkopo na haraka.

Wapo pia walioumia bila kosa lolote. Wanahisa wa Mumias Sugar ya Kenya waliiona kampuni ikiingia mikononi mwa mfilisi mwaka 2019. Walionunua Vodacom Tanzania kwa Sh850 mwaka 2017 walikaa miaka wakitazama bei iliyo chini ya waliyonunulia. Na Soko la Hisa la Dar es Salaam bado ni dogo: unaweza kuweka hisa zako sokoni leo mnunuzi akachelewa kutokea. Kwa hiyo ada ya muhula ujao isiguse hisa. Mwenye deni la kausha damu alimalize kwanza, kwa sababu hakuna gawio litakaloishinda riba ile. Na usiweke yote kwenye kampuni moja, hata kama ni ile inayokulipa mshahara.

Aliyebaki nje ya makundi hayo hana sababu ya kukaa pembeni. Vikoba vyetu vinavunjwa kila Desemba. Kinamama wanagawana walichokusanya kwa mwaka mzima, na kufikia Februari nyingi ya hela hiyo imeshakwenda kwenye sikukuu na sare za shule. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya hisa kwa jina lake. Safari hii, kabla ya mgao, mweka hazina asimame aombe wanachama wakubaliane fungu moja lisigawanywe, lipelekwe kwa dalali wa hisa. Kisha mwezi Mei, wanahisa wa CRDB wanapokutana Arusha, mmoja wao awe ametumwa na kikundi kwenda kuuliza kwenye kipaza sauti mikopo chechefu ni kiasi gani na makato yatapungua lini. Atauliza akiwa mmiliki, na bodi italazimika kumjibu.